Ndani ya Ndoo ya Sabuni ya Maji

Mapishi ya sabuni ya maji hayana mwenyewe. Yanapita mdomo kwa mdomo kwenye vikundi vya VICOBA, kwenye jumuiya za kanisani, kwenye mafunzo ya SIDO na kwenye mabanda ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Kutoka Uyole ya Mbeya hadi Ipogolo ya Iringa utayasikia kwa namna inayofanana: salfoniki lita moja, slesi nusu, soda eshi robo, chumvi nusu, gliserini kidogo, rangi na manukato upendavyo, maji ndoo moja ya lita 20. Koroga, acha ilale, asubuhi jaza kwenye chupa.

Ajabu ni kwamba akina mama wawili wanaweza kufuata maneno hayohayo, wakanunua malighafi duka moja, na bado kila mmoja akatoka na sabuni yake. Ya huyu imekaza vizuri na haichubui. Ya yule imekuwa majimaji, au inakausha viganja mpaka vinapasuka. Aliyeharibikiwa huambiwa ana mkono mbaya, au kwamba alikoroga kulia halafu akageuza kushoto, wakati sharti lilikuwa kukoroga upande mmoja tu.

Mkono hauna kosa, wala upande wa kukoroga. Molekuli hazijui kulia na kushoto. Kilichotofautiana ni vipimo, na ukijua kila kitu kinafanya kazi gani ndani ya ndoo, utajua pia ni kipimo kipi hakitaki mzaha na kipi unaweza kukichezea. Maarifa hayo yalikusanywa kidogo kidogo kwa zaidi ya karne tatu, na sehemu yake ilitoka kwenye beseni la vyombo na kwenye kijito cha kufulia.

Tindikali inapokutana na magadi

Salfoniki, kile kimiminika kizito cha rangi ya kahawia, ni tindikali kali. Ikigusa ngozi inaunguza, ikigusa chuma inakila. Soda eshi ni ndugu wa magadi: ni magadi yaliyosafishwa, alkali inayopatikana kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron kwetu na Magadi kwa jirani zetu wa Kenya, na ambayo viwanda vya dunia huitengeneza pia kutokana na chumvi na chokaa kwa njia aliyoianzisha Mbelgiji Ernest Solvay katika miaka ya 1860. Vitu hivi viwili vikikutana vinazimana. Tindikali inaisha, alkali inaisha, na kinachobaki ni chumvi ya salfoniki, ambayo ndiyo sabuni yenyewe ya kufulia.

Kuzimana huku kuna hesabu yake. Kilo moja ya salfoniki ya kawaida ya dukani, yenye nguvu ya asilimia 96, inazimwa na gramu 160 hivi za soda eshi kavu. Ukijumlisha masalia ya tindikali ya salfa ambayo huja nayo kutoka kiwandani, utafika gramu 170. Lita moja ya salfoniki ina uzito wa kilo moja na ushee, kwa hiyo hesabu haisogei mbali sana. Sasa rudi kwenye mapishi: robo kilo ni gramu 250. Anayeitii robo hiyo kwa mizani anabakiza ndani ya ndoo karibu gramu 70 au 80 za alkali isiyo na wa kuizima. Hiyo ndiyo inayopasua viganja.

Lakini wengi hawatumii mizani, wanatumia kikombe, na hapo ndipo siri ya akina mama wawili inapofichuka. Soda eshi huuzwa kwa namna mbili, nyepesi na nzito. Kemia yake ni moja, ila chembe za ile nzito zimeshikamana zaidi, kiasi kwamba kikombe kilekile kikijazwa nzito hubeba karibu mara mbili ya uzito wa nyepesi. Muuza duka akibadilisha gunia, kikombe hakitajua. Tena soda eshi hunyonya unyevu hewani. Mfuko ulioachwa mdomo wazi wiki kadhaa kwenye ukungu wa Mufindi au Rungwe unapimika mzito kwa sababu sehemu ya uzito huo sasa ni maji. Mama mmoja amezidisha, mwenzake amepunguza, na wote wawili wanaapa kwamba wameweka kikombe kimoja.

Kupunguza nako kuna balaa lake. Soda eshi ikipungua, tindikali inabaki. Sabuni itatoa povu na itanukia, lakini itakula zipu na vifungo vya chuma, na nguo za pamba zikilowekwa humo mara kwa mara nyuzi zake huchoka. Hatari kubwa zaidi ni pale mfuaji anapoongeza ile dawa ya klorini ya kung'arishia ambayo wengi wanaiita jiki. Tindikali ikikutana nayo, gesi ya klorini inatoka, gesi inayokwaruza koo na mapafu na ambayo majeshi yaliwahi kuitumia kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza.

Utajuaje kama umefika katikati? Mwaka 1664 Robert Boyle, mwanasayansi aliyefanya kazi zake Uingereza, aliandika kwamba maji ya maua ya urujuani hugeuka mekundu yakikutana na tindikali na kijani yakikutana na alkali. Huku kwetu ua la namna hiyo limo jikoni: rozela, ambayo wengine huiita choya. Chemsha maua makavu machache, acha maji yapoe. Chukua kijiko cha sabuni kabla hujaitia rangi, kizimue na maji safi kwenye glasi, kisha dondoshea maji ya rozela. Yakibaki mekundu, tindikali bado ipo. Yakiwa kijani, alkali imezidi. Yakigeuka zambarau au samawati iliyofifia, umefika pazuri. Karatasi za litmasi zinazotumika kwenye maabara za shule hufanya kazi hiyohiyo kwa uhakika zaidi.

Kwa hiyo utaratibu wenye akili ni huu: yeyusha soda eshi kwenye maji peke yake na iache ipoe. Mimina salfoniki taratibu kwenye ndoo yenye maji mengi, mikono ikiwa na glavu na macho yakiwa yamekingwa. Kisha ongeza maji ya soda eshi kidogo kidogo, ukipima kwa rozela unapokaribia mwisho, na bakiza kiasi pembeni badala ya kumwaga yote kwa kuwa mapishi yamesema hivyo. Usishangae mchanganyiko ukifoka. Kilo moja ya salfoniki ikizimwa hutoa zaidi ya lita 35 za hewa ya ukaa, hewa ileile iliyomo kwenye soda ya kunywa. Chombo kiwe kipana, kisijazwe hadi mdomoni, na kamwe kisifunikwe kabla hakijatulia.

Mshenga wa maji na mafuta

Tindikali imezimika. Kilichopatikana kinaondoaje uchafu?

Mwanamke mmoja wa mji wa Braunschweig, Ujerumani, alianza kulijibu swali hilo akiwa jikoni. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862. Enzi zake vyuo vikuu vya huko havikupokea wanawake, hivyo alibaki nyumbani akihudumia wazazi wake, huku mdogo wake Fritz akisomea fizikia na kumpatia vitabu. Alipokuwa akiosha vyombo aliona kwamba uso wa maji hubadilika tabia ukiguswa na mafuta au sabuni. Hakuishia kuona, alipima. Alitengeneza karai refu la bati, akaweka ukanda wa kusogeza uchafu wa juu ya maji huku na huku, na kwa mizani ndogo akapima nguvu inayohitajika kunyanyua kidude cha duara, kisichozidi kifungo, kutoka kwenye uso wa maji.

Mwezi Januari 1891 aliandika barua kwa Lord Rayleigh, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza. Rayleigh aliona mara moja kwamba mama huyu wa nyumbani amemtangulia, akaiombea barua ile nafasi katika jarida la Nature, nayo ikachapishwa tarehe 12 Machi mwaka huohuo. Mwaka 1932 chuo cha ufundi cha mji wake kilimtunuku shahada ya heshima. Mwaka huo pia Mmarekani Irving Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wa nyuso za vitu, akiwa ametumia chombo kilichoendeleza lile karai la bati.

Alichokipima Agnes ni mvutano wa uso wa maji. Molekuli za maji hupendana zenyewe kwa zenyewe, na zile za juu hushikana mpaka uso unakaza. Ndiyo maana tone la maji hubaki limejikunja juu ya sweta lenye mafuta badala ya kupenya kwenye nyuzi. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia na kutafuta mafuta. Ni mshenga: upande mmoja ana ndugu kwa maji, upande wa pili ana ndugu kwa mafuta, na familia hizi ambazo peke yao zisingekaa mkeka mmoja sasa zinakaa. Ikitiwa ya kutosha, mvutano ule wa maji hushuka chini ya nusu, na maji yanapenya nyuzi.

Neno la kuangalia hapo ni "ya kutosha". Mwaka 1913 mkemia James McBain, aliyekuwa Bristol, alieleza kwamba molekuli za sabuni zikifika wingi fulani hukusanyika zenyewe kwa makundi. Husimuliwa kwamba alipolisema hilo mbele ya wakubwa wa sayansi jijini London aliambiwa anasema upuuzi. Alikuwa sahihi. Makundi hayo, yanayoitwa miseli, huelekeza mikia ndani na vichwa nje, na ndani yake ndimo mafuta ya kola na jasho hufungiwa yasirudi kwenye nguo. Chini ya kiwango fulani miseli hazipo kabisa. Juu yake, kila sabuni unayoongeza inaongeza miseli, ila nguvu ya maji kupenya nguo haiongezeki tena.

Kwa sabuni ya salfoniki kwenye maji laini, kiwango hicho ni karibu nusu gramu kwa lita. Tupige hesabu ya beseni. Kilo moja ya salfoniki iliyotengenezwa kuwa lita 20 inatoa takribani gramu 50 za sabuni halisi kwa kila lita, mbali na slesi, ambayo nayo ni sabuni. Beseni la lita 10 linahitaji gramu 5 kufika kizingitini, yaani mililita 100, nusu ya kikombe cha chai. Nguo na uchafu navyo hunyonya sehemu yake, kwa hiyo kikombe kizima kinatosha kwa nguo zilizochafuka kweli. Anayemimina vikombe vitatu amenunua povu, kisha atalipa tena kwa maji ya kusuuza.

Na povu lenyewe halisafishi. Ni hewa iliyonaswa kwenye utando wa sabuni. Linakuonyesha kwamba bado kuna sabuni isiyotumika kwenye maji, na likizimika katikati ya kufua ujue uchafu umeimaliza. Zaidi ya hapo halina kazi. Sabuni za mashine za kufulia hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo zinatakata.

Chumvi: kidogo hukaza, nyingi hulegeza

Hakuna hatua inayowaumiza watengenezaji wadogo kama chumvi. Mnunuzi wa sokoni huinamisha chupa na kuangalia sabuni inavyotiririka. Ikiwa nzito anasema ina nguvu, ikiwa nyepesi anairudisha. Mtengenezaji naye anaongeza chumvi ili ikaze, na kweli inakaza. Anaongeza tena, inakaza zaidi. Anaongeza mara ya tatu, na ghafla ndoo nzima inalegea na kuwa maji.

Sababu imo kwenye zile miseli. Bila chumvi ni viduara vidogo vinavyosukumana kwa sababu vichwa vyao vyote vina chaji hasi. Chumvi hupunguza msukumano huo, viduara vinarefuka na kuwa nyuzi, nyuzi zinajisokota na kuzuiana, na ndipo sabuni inakuwa nzito. Chumvi ikizidi, nyuzi hizo huanza kujiunga na kukatika kwa namna inayoziacha ziteleze kwa urahisi, na uzito unaporomoka. Kuna kilele, na ukishakipita huwezi kuitoa chumvi. Dawa iliyobaki ni kutengeneza sabuni nyingine isiyo na chumvi na kuzichanganya.

Ili usifike huko, usiijaribie ndoo nzima. Yeyusha chumvi kwenye maji, chota glasi kadhaa za sabuni, kila glasi itie kiasi tofauti, ziache zitulie kisha ulinganishe. Kwa mchanganyiko wa salfoniki na slesi, kilele mara nyingi hupatikana kati ya gramu 300 na 600 kwa ndoo ya lita 20, na hutegemea slesi ni kiasi gani na soda eshi ilizidi kiasi gani, kwa kuwa nayo ni chumvi kwa namna yake. Kumbuka pia kwamba baridi hukaza sabuni. Iliyopimwa saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai itaonekana nyepesi mchana jua likiwaka. Na uzito, kama povu, hauongezi usafi: sabuni mbili zenye salfoniki sawa husafisha sawa, hata kama moja imekaza na nyingine inachuruzika.

Baridi, mawe na udongo mwekundu

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa umepita mita 1,500. Juni na Julai maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, na hapo tofauti kati ya sabuni ya mche na sabuni ya salfoniki huonekana waziwazi.

Sabuni ya mche hutokana na mafuta: mawese ya Kyela, alizeti ya Iringa, au mafuta ya ng'ombe. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1823, kwamba mafuta ni asidi za mafuta zilizofungwa pamoja na gliserini, na kwamba alkali huzifungua. Kutoka hapo kutengeneza sabuni kukawa hesabu. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki soda, alizeti gramu 135, mafuta ya nazi 183. Fundi mwangalifu hupunguza asilimia tano ili mafuta ndiyo yabaki, kostiki isibaki.

Mwaka 1895 Friedrich Krafft wa Heidelberg alionyesha kwamba kila sabuni ina joto lake, na chini ya joto hilo haiyeyuki vya kutosha kufanya kazi. Sabuni za mafuta yenye mikia mirefu, kama ya ng'ombe na kwa sehemu mawese, zinataka maji ya moto. Ile ya nazi, yenye mikia mifupi, inaridhika na maji ya uvuguvugu. Chumvi ya salfoniki inayeyuka hata kwenye maji ya baridi ya alfajiri. Mama wa Tukuyu anayesugua mche kwenye shati bila kuona matokeo hana haja ya kuongeza nguvu za mikono. Achemshe sufuria moja ya maji.

Maji yenyewe nayo yanatofautiana kufuatana na mwamba yaliyopitia. Iringa imejengwa kati ya majabali ya granaiti, Gangilonga likiwa mojawapo, na maji ya granaiti kwa kawaida hubeba chokaa kidogo. Bonde la Songwe, magharibi ya Mbeya, lina mawe ya chokaa yanayochimbwa kwa ajili ya saruji. Maji yanayopita kwenye mawe ya namna hiyo huwa magumu: kalsiamu iliyomo hushikana na sabuni ya mche na kuwa utando mweupe unaong'ang'ania nguo. Kujua maji yako ni ya aina gani, kwangua sabuni ya mche kidogo, itie kwenye chupa yenye maji nusu na utikise. Povu likisimama, maji ni laini. Yakiwa na ukungu na vipande vyeupe, ni magumu. Hapo kijiko cha soda eshi kwenye beseni, kikitangulia nguo, hukamata kalsiamu kabla haijaigusa sabuni. Slesi nayo huvumilia maji magumu kuliko salfoniki, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwemo kwenye mapishi.

Udongo mwekundu ni kesi nyingine. Wekundu wake ni kutu, chuma kilichoshikana na oksijeni, kikiwa kimeng'ang'ania chembe za mfinyanzi. Kuna mafuta kidogo sana ya kuondoa hapo. Sabuni husaidia kwa njia tofauti: huzipa chembe za udongo na nyuzi za pamba chaji ya aina moja, zikasukumana. Acha tope likauke, likung'ute kwanza, kwa sababu ukilitia maji likiwa bichi unalisindilia ndani. Doa likibaki kwenye shati jeupe la shule, jiki haitalitoa, kwani kazi yake ni kuongeza oksijeni na kutu tayari imeshiba oksijeni. Asidi ya limau hukikamata chuma na kukiyeyusha. Suuza kabisa limau kabla ya kufikiria jiki, kwa sababu ile ya klorini tuliyokwisha kuitaja.

Na sweta la sufu la mtumba lisilowekwe kwenye sabuni yenye soda eshi iliyozidi. Sufu ni nywele, na alkali hula nywele.

Maji ya kufulia yanapokwenda

Salfoniki inayouzwa leo ina historia iliyofunzwa na mito. Sabuni za salfoniki za kwanza zilizoenea Ulaya na Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa na mikia yenye matawi, na bakteria hawakuweza kuitafuna. Katika miaka ya 1950 mito ya huko ilifunikwa na povu. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kutumika 1964, na viwanda vya Marekani vikabadilika mwaka 1965. Mkia ukanyooshwa. Mkia ulionyooka bakteria huula kuanzia mwisho hadi mwanzo, mradi kuna oksijeni.

Lakini kabla hawajaumaliza, sabuni ni sumu kwa viumbe wa majini. Ushahidi mzuri unatoka Afrika Mashariki yetu hii pana. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, akichunguza konokono wanaoeneza kichocho karibu na Adwa, aliona kwamba wamekufa kwa wingi chini ya pale wanawake walipokuwa wakifua. Walikuwa wanafulia endodi, tunda la mmea uitwao kitaalamu Phytolacca dodecandra, unaoota pia kwenye nyanda za juu za nchi zetu. Povu lake lilikuwa linaua konokono. Kazi hiyo ilimpatia yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes Tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Ila kinachoua konokono hakichagui, samaki wadogo nao hufa.

Ruaha Mdogo unapita Ipogolo, unaingia Ruaha Mkuu na kufika bwawa la Mtera. Kufulia mtoni kunapeleka sabuni moja kwa moja kwa samaki. Beba maji, fulia mbali na ukingo, mwaga kwenye udongo mkavu. Bakteria wa udongo wana oksijeni ya kutosha na watamaliza kazi. Maji ya kwanza yenye soda eshi nyingi yasiende kwenye tuta la mchicha, ya kusuuzia hayana neno.

Maswali ya kumuuliza anayeuza

Anayetaka kuuza rasmi hupitia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, kupata mafunzo na barua ya kumtambulisha kwa shirika la viwango, TBS. Lakini chupa nyingi zinauzwa kabla ya kufika huko, kwa jirani na kwa mwanakikundi, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Muulize kama ameweka formalini ili isiharibike. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka kemikali hiyo kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Afadhali atengeneze kidogo kwa maji yaliyochemshwa, na aandike tarehe. Muulize chupa ilikuwa ya nini. Sabuni ya rangi ya chungwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya juisi ni mtego kwa mtoto, na kostiki ikiwekwa kwenye chupa ya namna hiyo inaweza kumuunguza koo na umio kwa maisha yake yote. Muulize kama aliipima kabla ya kuitia rangi, na aliipima kwa kitu gani.

Mwisho muulize aliweka soda eshi kiasi gani. Akikujibu kwa gramu, nunua. Akikujibu kwa kikombe, mshauri anunue mizani ya jikoni na daftari, kisha umrudie ndoo ijayo.